Mtoto Anatoka kwa Wawili: Baba, Acha Vumbi Kazini



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, mkanda wa kupandia juu, na magari makubwa yanayorudi nyuma bila dereva kumwona mtu. Mambo hayo yanalinda mkono wako, mguu wako na kichwa chako. Leo tunataka kusema juu ya kitu kingine unachokwenda nacho kazini kila siku, na ambacho kampani haijapata kukupa kofia ya kukifunika. Ni uzazi wako. Tunasema uzazi wako wewe, baba.

Mama amekwisha kuambiwa mengi. Tangu Union Minière ilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwapa watu kontra ya miaka 3 na kuwataka waje na bibi zao, mama wa kambi hajakosa mtu wa kumpima, kumpa kadi, kumfundisha kunyonyesha na kumkaripia akichelewa. Baba aliandikwa namba ya kazi, basi. Hata leo mtoto akizaliwa mdhaifu, au akikawia kuja, watu wote wa nyumba wanamgeukia mama. Wengine watacheka wakisoma haya. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Tuanze shambani, maana hapo hatutabishana. Tazameni mahindi. Juu kabisa ya bua kuna ua la kiume, lile linalomwaga unga wa manjano. Katikati ya bua, ndani ya maganda, kuna muhindi mchanga wenye nywele zinazotokeza kwenye ncha. Kila unywele umefungwa kwa punje moja tu. Chembe ya ule unga wa juu ikianguka kwenye unywele, inaota, inashuka ndani yake mpaka chini, na punje inaanza kukua. Unywele uliokosa unga, punje yake haitazaliwa. Ndiyo sababu siku nyingine unamenya muhindi na kukuta mapengo kama mdomo wa mzee. Jua kali bila mvua, wakati mahindi yanachanua, linaweza kuua ule unga wa juu, au linachelewesha nywele mpaka unga umekwisha kupita. Kwa hiyo mkulima mwenye akili akiona mapengo hasemi kwamba muhindi umekataa. Anakumbuka jua lilivyokuwa, na anatazama juu ya bua pia.

Muhogo haufanyi hivyo. Unakata kipande cha mti, unakichomeka katika udongo, na mti mpya ni ule ule wa zamani, haukuongezwa kitu wala kupunguzwa. Ni kazi rahisi, na mavuno unayajua mbele. Lakini mnaujua ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Mti ukiwa nao, kila kipande utakachokata kinao. Ukipanda vipande 50 vya mti mgonjwa, umepanda ugonjwa mara 50, hata kama shamba jipya lina udongo mzuri na umelima vema. Kinachompata mzazi hakibaki kwa mzazi.

Na sasa inueni macho kwenye vilima vya shaba vya upande wa Tenke na Fungurume, humu humu katika teritwari yetu ya Lubudi. Miti haioti juu yake kwa sababu shaba na kobalti vimejaa katika udongo. Lakini majani yanaota, na maua pia, mengine hayapatikani mahali pengine popote duniani. Watafutaji wa madini walijifunza zamani kufuata maua hayo ili kujua shaba ilipo. Yamewezaje kuishi ndani ya sumu? Ni kwa njia ya mbegu. Mbegu ya wazazi wawili huchanganya tabia zao, kwa hiyo watoto hawafanani wote. Wengi walikufa juu ya udongo ule. Wachache waliovumilia wakazaa, na watoto wao wakazaa, vizazi juu ya vizazi, mpaka likapatikana jani ambalo kwake shaba si adui.

Mtu hakupewa muda huo. Hapa Katanga babu zetu waliyeyusha shaba zamani sana, ni kweli, lakini kwa tanuru dogo la udongo na kwa majira yake. Mashine zinazosaga mlima mzima kuwa vumbi ni za juzi, za babu na baba na sisi. Ukisikia mtu anasema, "Sisi watu wa mgodi tumekwisha kuzoea," mwambie akatazame yale maua, aulize ni mangapi yaliyokufa kabla ya moja kuzoea.

Basi mtu anazaliwaje? Mnajua vema njia ya kawaida, hatutawafundisha. Lakini wachache wanajua jinsi yai na mbegu zinavyotengenezwa, na hapo ndipo penye habari ya leo.

Mtoto huanza kwa seli mbili zinazoungana, yai la mama na mbegu ya baba. Kila moja inaleta kromozomu 23, na hizo ndizo barua zenye maagizo ya kujenga mwili wote. Nusu kwa mama, nusu kwa baba. Hakuna aliyeleta nyingi na mwingine chache.

Mwanamke huzaliwa mayai yake yote yakiwa yamekwisha kuwekwa ndani yake. Fikirini maana yake. Yai lililomleta mtoto wako wa leo lilianza kutengenezwa ndani ya tumbo la mama mkwe wako, alipokuwa na mimba ya bibi yako. Kwa hiyo moshi na vumbi vinavyompata mwanamke mwenye mimba ya mtoto wa kike vinakaribia watu watatu, yaani yeye, mtoto wake, na mayai ya wajukuu wake.

Mwanamume ni tofauti. Yeye hazaliwi na mbegu. Anaanza kuzitengeneza anapobalehe na anaendelea mpaka uzeeni, mchana na usiku, kwa mamilioni kila siku. Ni kiwanda kisicho na Jumapili. Mbegu moja inahitaji miezi 2 na zaidi kutengenezwa, halafu siku kadhaa za kukomaa. Kwa ufupi, mbegu ya leo ilianza safari yake karibu miezi 3 iliyopita. Je, miezi 3 iliyopita ulikuwa kazi gani? Kwenye kinu cha kusaga mawe? Mbele ya tanuru? Kwenye karakana ya betri? Kiwanda hiki kinapenda hewa ya baridi kidogo, ndiyo sababu Muumba alikiweka nje ya tumbo. Joto la tanuru kwa saa nyingi linaweza kupunguza mbegu. Madini ya risasi yanazipunguza na kuziharibu. Sigara nayo inasaidia uharibifu huo, tena unainunua kwa pesa yako.

Lakini katika jambo hili kuna na tumaini. Yai lililoharibika halitengenezwi tena. Mbegu za baba zinatengenezwa upya kila siku, kwa hiyo mara nyingi ukiondoka kwenye sumu mapema, kiwanda kinapata nguvu tena.

Msidhani haya ni maneno ya vitabu tu. Mwaka 1977, huko Lathrop katika jimbo la California, Marekani, wanaume waliokuwa wakitengeneza dawa ya kuua wadudu wa udongo, inayoitwa DBCP, walianza kusemezana wakati wa kupumzika. Mmoja alisema bibi yake hashiki mimba. Wa pili akasema hata wangu. Wa tatu vilevile. Wakaomba wapimwe. Waganga walikuta kwamba wengi wao walikuwa na mbegu chache mno, na wengine hawakuwa na hata moja. Bibi zao hawakuwa na kosa lolote. Miaka 2 baadaye serikali ya Marekani ilikataza karibu kazi zote za dawa ile. Baadhi ya wale wanaume walipona baada ya kuondolewa kwenye sumu, wengine hawakupona kamwe. Tunataka mwone jambo moja hapa. Ugonjwa ule haukugunduliwa na mkubwa wa kazi wala na munganga wa kampani. Uligunduliwa na wafanyakazi waliokubali kusemezana jambo la aibu.

Sasa turudi kwetu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walifuata swali hili katika mji wa Lubumbashi tangu mwaka 2013 mpaka 2015. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Wakawauliza wazazi juu ya maisha yao na kazi zao. Wakapima metali katika damu na mkojo wa mama, na katika damu ya kitovu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020 katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet Planetary Health.

Walipata nini? Kitu kilichofuatana na vilema kwa nguvu zaidi kuliko vingine vyote kilikuwa kazi ya baba. Baba akiwa na kazi ya kulipwa ya mgodi au ya madini, hesabu yao ilionyesha hatari ya mara 5 na nusu. Katika damu ya kitovu ya watoto wenye kilema walikuta pia manganezi na zinki zaidi. Na kwa mama wote, wa watoto wazima na wa watoto wenye kilema, metali zilikuwa nyingi kupita karibu vipimo vyote vilivyopata kuandikwa duniani kwa wanawake wenye mimba.

Msomaji, usikimbie na hesabu hiyo bila kuipima. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, kwa hiyo wataalamu wenyewe waliandika kwamba hatari ya kweli inaweza kuwa zaidi kidogo tu ya mara 1, au ikafika hata mara 25. Tena kufuatana si sawa na kusababisha. Watoto wengi kabisa wa wafanyakazi wa mgodi huzaliwa wazima, na ninyi mnawaona kila asubuhi wakienda masomoni. Lakini mtu akisikia jiwe linalia juu ya kichwa chake ndani ya mgodi, hangoji lianguke ili apate hakika.

Kuna njia mbili ambazo kazi ya baba inaweza kumfikia mtoto. Ya kwanza ni ile mbegu yenyewe. Ya pili ni vumbi unalolibeba katika nguo, nywele na viatu mpaka nyumbani, ambako bibi mwenye mimba analivuta na kulila pamoja na bukari. Tunajua vumbi la makwao linaingia mwilini. Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014. Wataalamu wale wale wa Lubumbashi na Leuven walipima wakaaji, na mwaka 2018 walitangaza kwamba watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko jirani zao wa mtaa usio na mashimo. Watoto ndio waliokuwa na nyingi zaidi, na katika mkojo wao zilionekana dalili kwamba zile barua za ndani ya seli zinapata madhara. Watoto hao hawakushika sululu. Walicheza tu uani.

Watu wa Lubudi waliokulia karibu na kiwanda cha saruji hawahitaji kufundishwa jinsi vumbi linavyotembea. Mama wa huko aliyeanika nguo nyeupe anajua linafika wapi.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Zamu ikiisha, vumbi libaki kazini. Usipande gari la kampani na nguo ulizosagia mawe. Oga, na nywele pia, kwa maji na sabuni, siyo kujipangusa uso. Viatu vya kazi visivuke mlango wa nyumba. Nguo za kazi zifuliwe kazini. Mahali ambapo bado zinafuliwa nyumbani, zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto, zisikung'utwe zikiwa kavu, na asizifue mama mwenye mimba. Baba, una mikono. Maski ya vumbi haifanyi kazi ikiwa imening'inia shingoni. Na yule anayevunja betri za zamani uani ili ayeyushe risasi ya kuuza, aache leo. Risasi inakaa ndani ya mifupa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba inatoka katika mifupa yake na kupita katika kondo la nyuma mpaka kwa mtoto.

Wakubwa wa kampani nao wasome hapa. Mfanyakazi hawezi kuoga mahali ambapo bomba limekauka, wala hawezi kuacha nguo kazini ikiwa hakuna chumba wala mfuaji. Kumwambia mtu "jilinde" bila kumpa maji ni maneno ya kujaza karatasi. Vivyo hivyo na wanawake wanaosimama ndani ya mto, maji yakifika magotini, wakiosha mawe ya wachimbaji wadogo na watoto mgongoni. Wao hawana kampani, hawana kadi ya kazi, na ukurasa huu haufiki mikononi mwao. Ninyi ni kaka zao na shemeji zao. Wasomeeni.

Mama, na wewe una neno lako. Mgongo wa mtoto na mfereji wa ubongo hufungwa siku ya 28 hivi tangu mimba iingie, mara nyingi wewe mwenyewe hujajua bado. Ili ufungwe vizuri mwili unahitaji asidi ya foliki, iliyomo katika lengalenga, maharagwe na mboga nyingine za majani, na katika vidonge vinavyotolewa dispansari. Kwa hiyo usingoje tumbo lionekane ndipo uanze kula mboga na kumeza vidonge. Anayetaka mtoto aanze kabla. Na baba aliyesikia hesabu ya miezi 3 ajue kwamba naye ana cha kuanza kabla.

Tuseme na juu ya nyumba ambako mtoto hajaja kabisa. Karibu katika nusu ya ndoa za namna hiyo, sababu iko kwa mwanamume, ama peke yake ama pamoja na bibi yake. Wakati mwingine ni sopisi ya zamani aliyoiponya nusu kwa vidonge vya sokoni, ikaziba njia. Ugonjwa huo huo unaziba njia za mama, na nani aliyemletea? Lakini jamaa wanakutana, wanamwita bibi, wanamrudisha kwao, wanamtafutia bwana mwingine mwanamke. Mwaka unapita, wa pili hazai naye, na bado hakuna anayetazama juu ya bua. Kupima mbegu ni jambo la asubuhi moja, kikombe na mashine ya kukuzia macho, bila kisu na bila maumivu. Kumpima mama ni kazi ndefu zaidi, yenye maumivu zaidi na gharama zaidi. Akili inasema apimwe kwanza yule ambaye kipimo chake ni rahisi. Kiburi chetu kinasema kinyume.

Na mtoto akizaliwa na kilema, baba, kaa hapo. Usikimbilie kwa mpiga ramli kutafuta nani amemroga, wala usimwambie mama kwamba kwenu hakuna mtoto wa namna hiyo. Mdomo uliopasuka unashonwa. Mguu uliopinda unanyooshwa, na unanyooka vizuri zaidi ukianza katika majuma ya kwanza. Mgongo ulio wazi unataka hospitali siku hiyo hiyo. Siku mnazopoteza kwa kugombana ni za mtoto.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo halihitaji pesa. Chukueni kadi ya mimba na muitazame. Ina jina la mama, umri, uzito, mimba ngapi, watoto wangapi walio hai. Tunaomba waganga na wakunga wa zahanati zetu waongeze mstari mmoja kwa kalamu, "Kazi ya baba". Waandike kazi yenyewe, siyo "mfanyakazi" tu. Waandike kinu, tanuru, betri, asidi, gari la mawe, ofisi. Baada ya miaka michache kadi hizo zikikusanywa zitasema mambo ambayo sasa tunayasemea pembeni ya kantini. Na ili mstari huo ujazwe sawasawa, siku ya kupima mimba baba aende pamoja na bibi yake, aseme kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe.